Nesi na Ile Tende Niliyoitafuna

Nianze na aibu ili tuondokane nayo: katika habari hii mjinga ni mimi. Nimejaribu kuisimulia kwa njia nyingi, peke yangu ndani ya tuktuk yangu kati ya Ukunda na Diani, nikajaribu kumgawia mwengine ujinga huo hata nusu. Kila nikifika mwisho naukuta umerudi kwangu. Basi na ukae. Lakini ninayetaka mumjue ni Nesi.

Ni nesi wa zahanati ya kijijini kwetu, upande wa Msambweni, ukiiacha barabara kuu ukaingia ndani kwenye mikorosho. Jina analo, lakini sijasikia mtu akilitumia. Wazee humwita Nesi, watoto Nesi, hata mumewe akimtafuta huuliza, "Nesi hajapita hapa?" Ni mfupi, mnene kiasi, mwendo wake kama mtu aliyeanika nguo akaona wingu. Begani huning'iniza kisanduku cha bluu, kile cha kutia barafu na chanjo. Amekibeba miaka mingi hata bega moja limeshuka, na siku asiyokibeba huenda upande vilevile. Mimi nilikuwa nikimuiga mwendo huo mbele ya watu. Walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu. Siku moja nikageuka nikamkuta nyuma yangu. Akanitazama, akasema, "Bega si hilo. Ni la kushoto," akapita zake.

Majina ya watu hashiki kabisa, hushika mikono. Akikutana nawe njiani, hata uwe na ndevu, atakwambia, "Lete mkono wa kushoto," atatazama ile alama ya chanjo uliyochomwa mchanga, kisha atakutolea habari zako zote. "Aa, wewe ndiye uliyenitapikia." "Wewe mamako alikuleta umechelewa, nikamgombeza mpaka akalia." Kuna arusi moja alimpandisha bwana arusi mkono wa kanzu mbele ya kadhi, akasema, "Huyu alinikimbia darasa la kwanza, akapanda mkorosho, nikamngoja chini mpaka adhuhuri." Bwana arusi jasho likamtoka. Kadhi mwenyewe alikuwa akiangalia mkono wake kisirisiri.

Kwenye zahanati yake ni mkali kuliko pilipili mbuzi. Neno "pole" kwake adimu. Ukikohoa mbele yake bila kuziba mdomo atakupigia kelele: "Kohoa kwenye kiwiko! Mimi ni ukuta?" Mama akija na mtoto amechelewa wiki mbili, ataambiwa maneno ambayo mumewe hajawahi kuthubutu kumwambia. Lakini hatoki mtu pale hajachomwa sindano yake, wala hatoki mtu hajaelezwa kwa nini amechomwa.

Kueleza ndiyo kazi aliyoipenda. Nilimsikia vizuri wakati dada yangu ana mimba, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kliniki kwa tuktuk. Dada yangu ni mkubwa wangu. Mama yetu alipokufa yeye ndiye aliyenilea, akaacha shule ili mimi nimalize darasa la nane, nami nikalimaliza kwa kulisukuma. Basi tukikaa kwenye lile benchi la kina mama, Nesi husimama katikati, mikono kiunoni.

"Mwili wako una fundi wa kushona ndani," alisema. "Virusi vya kifua vikiingia mara ya kwanza, ni kama mteja fundi hajawahi kumuona. Hana kipimo chake. Atakata, atakosea, atakata tena, siku zinapita, nawe uko kitandani homa inakula. Mwisho anapata kipimo sawasawa, anashona, virusi vinakamatwa. Sasa mafundi wengi walioitwa kwa kazi ile hufa kazi ikiisha. Lakini wachache hubaki, na kile kipimo wamekitundika kwenye msumari. Wengine hukaa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Wengine hukaa hapa hapa kifuani, mlangoni. Miaka inapita. Siku mteja yule akirudi, hawaanzi kupima. Wanashona palepale."

"Nesi," nikamwambia, "fundi wangu mimi nadhani ni yule wa Ukunda. Unampelekea kitambaa Shaaban, unachukua nguo Idi imeshapita."

Benchi zima likaangua kicheko. Nesi hakucheka. "Ndiyo maana tunawachanja," alisema, macho kwangu. "Chanjo ni kumuonyesha fundi picha ya mteja kabla mteja hajaja. Na wapo wateja wanaonenepa kila mwaka, kama vile homa ya mafua. Kipimo cha mwaka jana kinabana mabega. Lakini bora kinachobana kuliko kuanza na kitambaa kitupu."

Dada yangu akauliza, "Na mtoto mchanga je, Nesi? Fundi wake?"

Hapo sauti ya Nesi ilishuka kidogo. "Anaye, lakini msumari wake mtupu. Hajawahi kumuona mteja yeyote. Anavaa nguo za kuazima kwa mamake, alizopewa tumboni na anazopewa kwenye maziwa. Zinamsaidia, lakini hazimtoshi kila mahali, na zinachakaa upesi. Kwa hiyo sikilizeni, na wewe kichekesho sikiliza. Anayemuua mtoto mchanga si yule mgonjwa aliye hoi kitandani. Huyo mnamuona, mnamkalisha mbali. Ni mtu mzima mwenye kamasi kidogo tu. Fundi wake hodari, kamzuilia virusi puani, yeye anatembea, anacheka, anabusu watoto. Virusi anavyo. Anavigawa kama halua."

Nililisikia hilo. Sitaki mtu aseme sikulisikia. Nililisikia, na njiani nikamuiga Nesi kwa dada yangu, "kama halua," mpaka akaniomba ninyamaze asije akazalia kwenye tuktuk.

Sasa msimfanye Nesi malaika wala profesa. Yeye mwenyewe akichomwa sindano hufumba macho na kushika nguzo, midomo inakwenda anasoma dua. Nimemuona kwa macho yangu. Na mjukuu wake, na elimu yote ile, alikuwa akipakwa nukta ya wanja kwenye paji la uso kukinga kijicho. Nikamuuliza, "Nesi, hiyo nayo imo kwenye kisanduku?" Akanijibu, "Virusi nimesomea. Kijicho sikusomea, na sitaki kubahatisha."

Jambo jengine ni kwamba ukali wake huishia kwenye uzio wa zahanati. Akiingia nyumba ya mtu huwa mtu mwengine. Hukaa ukingoni mwa mkeka, huongea taratibu, huitikia kila kitu. Mpe wali wenye chumvi ya kutosha kijiji kizima, ataula na atausifu. Alilelewa hivyo, kwamba kwa mwenyewe mgeni hana amri. Tulikuwa tukimcheka kwa hilo.

Dada yangu akajifungua salama, mtoto wa kiume. Kwetu siku ya saba mtoto hupewa jina, huchinjiwa, na hutiwa tende: mtu anatafuna tende mpaka ilainike, anampaka mtoto kidogo kaakaani, na anaombewa dua. Na watu wetu husema mtoto hufuata tabia ya aliyemtia tende, kwa hiyo huchaguliwa mtu wa heshima. Mwalimu wa madrasa alikuwepo, amekaa tayari, kanzu imepigwa pasi. Dada yangu akasema, "Mwalimu, uniwie radhi. Nataka atiwe na mjombake. Nataka achangamke kama yeye."

Mwalimu akacheka, akasema hakuna ubaya, almuradi mtu yu mzima na nia yake njema.

Mimi sijawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote. Shuleni nilichaguliwa kutolewa nje. Nyumba imejaa watu, wazee wapo, na dada aliyenilea ananiita mimi. Na ilikuwa siku ya tatu nina mafua. Mafua madogo, ya kupenga mara moja moja. Homa sina, kikohozi sina. Nilishapenga nyuma ya jiko kabla ya kuingia.

Nesi alikuwa ukingoni mwa mkeka, sahani ya pilau mkononi. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya ugenini, "Mwanangu, pua yako vipi?"

"Iko palepale, Nesi. Chini ya macho, juu ya mdomo."

Watu wakacheka. Akangoja wamalize. "Nauliza, una mafua?"

"Vumbi hilo. Nimetoka Lunga Lunga nyuma ya lori."

Sikwenda Lunga Lunga. Akanitazama, akatazama sahani yake, akamtazama dada yangu aliyekuwa anatabasamu vile. Akafungua mdomo, kisha akaufunga. Mimi nikaitafuna tende.

Siku mbili baadaye dada akampeleka mtoto zahanati, Nesi akamchoma ile sindano ya mkono wa kushoto na kumtia matone mdomoni. Wiki hiyohiyo watu wa mifugo walikuja kuchanja ng'ombe wa majirani, nao walikuwa na kisanduku cha bluu kama cha Nesi. Likumbukeni hilo, kwa sababu mimi nililikumbuka kwa ubaya.

Siku ya kumi na mbili mtoto akaacha kunyonya. Akawa anapumua kwa haraka kama kifaranga aliyekamatwa, mbavu zinaingia ndani kila akivuta, midomo inageuka rangi. Mara akawa anasahau kuvuta pumzi. Kweli, anasahau. Kifua kinatulia, sote tunatulia naye, dada anampiga nyayo, anavuta tena. Niliendesha tuktuk mpaka hospitali kubwa nikilia na kupiga honi. Nyuma yangu nilimsikia dada akihesabu, "Moja, mbili, tatu, vuta mwanangu, vuta."

Wakamuweka kwenye oksijeni, mpira mwembamba puani umebandikwa plasta shavuni, plasta kubwa kuliko shavu. Daktari kijana akatuambia ni virusi vya kifua. Kwa mtu mzima ni mafua tu, alisema, kwa mchanga ni hivi. Akauliza, "Nyumbani kuna mtu aliyekuwa na mafua karibuni?"

Dada akasema, "Hapana, daktari."

Daktari akanigeukia. "Na wewe?"

Nikatikisa kichwa. Kichwa changu hiki, kinachojua kujibu kila mtu, hakikupata neno hata moja, kikatikisika chenyewe. Nilikuwa nimesimama karibu na kitanda, naona kile kifua kinavyosita, na yale maneno ya Nesi ya benchini yananipita masikioni yote, neno kwa neno, na sauti yake. Msumari mtupu. Nguo za kuazima. Niliomba Mungu anitoe mimi pumzi ampe yeye. Niliomba kila kitu isipokuwa ujasiri wa kusema.

Mtoto alipona. Nalisema mapema msije mkahangaika. Alilala pale siku nyingi, akatoka amekonda kama mjusi, lakini ametoka. Mpaka leo akipata mafua kifua chake hulia filimbi.

Kilichokufa ni jina la Nesi. Na aliyeliua ni mimi.

Niliporudi stendi ya tuktuk, wenzangu wakaniuliza mtoto kapatwa na nini. Wote walikuwa wananikodolea macho wanangoja, kwa sababu wananijua, huwa sikosi la kusema. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Nesi alichanganya visanduku bwana. Ng'ombe kapewa matone, mtoto kapewa sindano ya ng'ombe."

Wakacheka. Vilikuwa vicheko vya dakika moja. Jioni yake kichekesho kile kikanitangulia kijijini, na kufika kule hakikuwa kichekesho tena. Muuza mahamri wa karibu na msikiti, mwanamke ambaye habari zote hupita kwake kabla ya kuiva, alikuwa anakieleza kwa uso wa huzuni: "Visanduku vilifanana. Mjomba wa mtoto mwenyewe ndiye aliyesema." Na mfuatano wa siku ulimuunga mkono. Mtoto alichomwa, mtoto akaugua. Nani atakumbuka tende?

Jumanne ndiyo siku ya chanjo. Jumanne ya kwanza walikuja kina mama watatu. Ya pili hakuja mtu. Nilikuwa nikipita barabarani nikiona lile benchi tupu linapigwa jua, na Nesi amekaa mlangoni, kisanduku miguuni, barafu inayeyuka ndani. Watoto walikuwa wakimuona njiani wanakimbilia ndani. Mumewe aliacha kuuliza kama amepita. Na yeye, ambaye angeweza kutupigia kelele mpaka tukaomba radhi, hakumjibu mtu hata neno. Hilo ndilo lililokuwa likinikata. Angenitukana ningelala.

Dada yangu naye akaacha kumpeleka mtoto kliniki. Zile sindano za wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, zote zikapita. Mtoto mwenye kifua kile, amefika miezi mitano hana kipimo cha sindano zile hata kimoja kwenye msumari. Kisha tukasikia kifaduro kimeingia vijiji vya ndani huko bara, watoto wanakohoa mpaka wanatapika. Usingizi ukaniisha kabisa.

Jumanne moja asubuhi nikaegesha tuktuk nje ya zahanati.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa?"

"Nimejileta mwenyewe." Nikamwambia yote, nimesimama, mafua, jiko, Lunga Lunga ambako sikwenda, daktari, stendi. Sikutia mzaha hata mmoja. Sikujua kama naweza.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu hujaitafuna. Pua ilikuwa nyekundu kama nyanya."

"Sasa mbona hukusema, Nesi? Mbona siku zote hizi hukuwaambia?"

Akapangusa mikono kwenye magoti. "Nilikuwa na sahani ya watu mkononi. Nikajiambia, ni shughuli yao, nyumba yao, mimi mgeni. Miaka yote nimewapigia kelele kwa vitu vidogo, na siku ya kupiga kelele nikala pilau. Niwaambie nini? Kwamba nilijua nikanyamaza?" Akanikazia macho. "Usinililie. Yangu yananitosha."

"Nisamehe, Nesi."

"Samahani yako siihitaji. Nahitaji watoto waje. Mama zao wako bombani wote saa hizi. Nenda."

Nikaenda. Bombani walikuwepo wanawake kama kumi na mitungi yao, muuza mahamri katikati, na dada yangu mtoto mgongoni. Nikasema kwa sauti, "Nisikilizeni. Nesi hana kosa. Mtoto aliugua kwa mafua yangu mimi. Nilimtia tende nikiwa mgonjwa, nikadanganya. Na habari ya visanduku niliitunga."

Wakatazamana. Kisha wakaangua kicheko.

"Leo kaamua kujichongea mwenyewe!"

"Na ng'ombe je," akauliza muuza mahamri, "nao uliwatafunia tende?"

Wakashikana mabega. Nikaapa, "Wallahi!" Wakacheka zaidi. Machozi yakanitoka, mmoja akasema, "Mtazame anavyojua kulia, huyu aende kwenye televisheni." Miaka yote nilikuwa nawachekesha nikitaka, na sasa nataka waache, siwezi. Nilisimama pale kama mtu anayepiga mlango wa nyumba yake mwenyewe na waliomo hawamtambui sauti.

Dada yangu hakucheka. "Daktari alipouliza," akasema polepole, "ulikuwa wapi?"

"Ubavuni kwako."

"Alikuuliza na wewe."

"Aliniuliza."

"Ukatikisa kichwa."

"Nikatikisa."

Vicheko vikapungua, kimoja kimoja, mpaka nikasikia maji yanavyomwagika kwenye mtungi uliojaa. Hakuna aliyelifunga bomba. Dada akaiacha ndoo yake palepale, akakaza leso ya mtoto, akashika njia ya zahanati. Nikamfuata kwa mbali. Wengine walibaki wamesimama. Siku ile hakuna mwengine aliyekuja.

Nesi alipomuona alinyanyuka, akanawa mikono muda mrefu sana, zaidi ya ilivyohitajika. Hakugombeza habari ya kuchelewa. Dada akamfunua mtoto paja, akamshikilia. Mtoto akachomwa, akapiga ukelele wa kuvunja mabati, na katikati ya ukelele ule ile filimbi ya kifua ikasikika. Nilimuona Nesi akikunja uso kama aliyechomwa ni yeye. Dada akamwambia, "Nirudi lini?" Nesi akamwandikia tarehe, akakosea, ikabidi aiandike mara mbili.

Nilikuwa nangoja nje kwenye uzio. Nikamwambia dada apande tuktuk nimpeleke. Hakupanda. Alimrudisha mtoto mgongoni, akafunga leso, kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu bombani.

"Ukiwa mgonjwa, hata kamasi kidogo, kaa kwako," akasema. "Na ukiwa mzima pia, kwa sasa, kaa kwako. Siku nitakayoweza kukutazama, nitakuja mimi mwenyewe."